Ning na Mkanda wa Vyuma

Daktari wa masikio alinipa mpaka mwisho wa Aprili. Nikizama tena baada ya hapo, alisema, nitakuwa kiziwi. Mimi nimeongoza wazamiaji hapa pwani ya Anilao miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo nilimjibu maneno yasiyoandikika. Nyumbani, mke wangu Ning alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi nipeleke nikawaone kabla hujaacha."

Alikuwa akiwasema chaza wangu wakubwa, kumi na wanne, niliowapandikiza mita sita chini ya maji, mbele kabisa ya nyumba yetu. Ning amewapikia wazamiaji tangu tuoane, lakini hajatia uso baharini tangu kaka yake afe maji. Nikimsimulia habari za chaza, huitikia kama mtu anayesimuliwa habari za mke mwenza.

Siku ya kwanza nilimfundisha mwenyewe. Nilikosea.

"Pumua tu, mama! Mbona nchi kavu unapumua?"

"Nchi kavu sinywi chumvi, na wala hunifokei!"

Akatoka majini, akanitupia pezi moja la mguuni, likanipata begani. Binti yetu Divina, ambaye kazi yake ni kufundisha wageni kuzamia, akanisogeza pembeni. "Baba, nenda kajaze mitungi ya hewa. Mwanafunzi huyu ni wangu."

Ning alidai vyuma saba kwenye mkanda wa uzito, ili miguu ishike chini kama nguzo. Kila mwoga hupenda vyuma. Hajui kwamba ndivyo vinavyomfanya ahangaike na kumaliza hewa. Nilifungua mdomo nimwambie, Divina akanikata jicho, nikaufunga.

Walikaa kwenye maji ya kifuani, wiki nzima. Jumatatu, kwa zoezi, Ning aliingiza maji kidogo kwenye miwani ya kuzamia, akajaribu kuyapuliza nje kwa pua, akaibuka anakohoa na kutukana ukoo wangu. Jumanne alifanya mara kumi bila kutukana. Jumatano alisema mwenyewe, "Toa chuma kimoja." Alhamisi akatoa viwili. Mimi nilikuwa nyuma ya mitungi, nachungulia. Niliona mabega yake yakishuka, yale mabega ambayo huwa juu kila bahari ikichafuka nami niko huko. Nilimpenda siku hiyo mpaka nikaona haya.

Siku ya mwisho ya Aprili tulishuka watatu kutoka mashuani, tukifuata kamba ya nanga. Mita tatu tu, maji yakaingia kwenye miwani yake. Akaing'ang'ania kamba, macho yamemtoka. Mkono wangu uliruka kumvuta juu. Divina akaudaka, akaushikilia. Ningempeleka juu, asingeshuka tena, na mimi nisingekuwa na siku nyingine ya kumleta. Ning akafumba macho. Akainua kichwa, akapuliza. Akapuliza tena. Maji yakatoka. Akaniunganishia kidole gumba na cha shahada: salama.

Chini, chaza walikuwa wazi, midomo yao ya buluu na kijani. Kivuli cha Ning kilipowapitia walijifunga polepole. Alielea juu yao amekunja mikono kama aliye kanisani, hagusi kitu. Nikatoa mswaki wangu nikaanza kusugua magamba, nikiondoa ukoga, kazi yangu ya kila wiki. Alinitazama mpaka nikamaliza wa tatu, kisha akanyoosha mkono. Nikampa mswaki. Alianza na yule mkubwa kuliko wote, akamsugua taratibu hadi kwenye mikunjo ambayo mimi huiruka. Nililia. Nikapuliza miwani, nikalia tena.

Tulipopanda mashuani nikamuuliza, "Umewaonaje?"

"Wachafu," alisema. "Ulikuwa unawasugua au unawapapasa? Nitawajia kila Jumatatu, mimi na Divina."

"Na mimi?"

Akaninyang'anya taulo, akanifuta uso kwanza mimi kabla ya kujifuta mwenyewe.

"Wewe, Anselmo, utakaa pale ufukweni ututazame majini mpaka tutoke. Utaona inavyokuwa. Mimi nimekaa pale miaka thelathini na mmoja."

Nilipiga magoti nikamvua mapezi.