Kibao Namba Kumi na Tisa

"Elspa, mwanangu, mbona unafua mashuka kila siku na unalala peke yako?"

Mama Malan, jirani yake, aliuliza hivyo Februari, akiwa upande wake wa ukuta wa mawe, upepo ukiyapiga mashuka kambani kama unayachapa viboko. Elspa alikuwa na vibanio vya nguo mdomoni, akavishukuru. Mumewe alikuwa kwenye meli ya uvuvi, harudi mpaka Pasaka, na nyumbani hapakuwa na mtoto wa kusingiziwa.

Bibi yule hakuondoka. Alishusha sauti. "Kuna damu?"

Elspa aliinamisha kichwa.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipochinja kondoo."

"Miezi minne! Dánjal wangu alianza hivihivi. Nikawa nafua, baba yake anamwita mvivu. Mwisho walimkata utumbo, wakamwekea mfuko wa choo hapa ubavuni. Nenda kamwambie, mama. Si ndiye msimamizi wenu kiwandani? Ugonjwa huu anaujua kuliko hao madaktari."

Kisiwani kwao haikuwa ajabu. Kila ukoo ulikuwa na mtu wake wa tumbo, na watu walilitaja tumbo kama wanavyoitaja mvua: lipo, utafanyaje? Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka mtu akiumwa tumbo.

Kwenye zahanati kila daktari alikaa wiki mbili tu, kisha akaja mwingine na meli, na Elspa akaanza upya. Wa kwanza alimwambia apunguze nyama ya kondoo ya kuchachusha upeponi, chakula cha kwao. Wa pili alisema ni bawasiri. Wa tatu alimuuliza kama anamhofia mume wake baharini, akampa vidonge vya usingizi. Wa nne ndiye aliyemwambia alete choo kwenye kichupa. Kichupa kikafungwa vizuri, kikapelekwa bandarini, bahari ikachafuka. Siku sita meli haikutoka. Maabara wakajibu: kimechelewa, lete kingine. Cha pili nacho kikachelewa. Cha tatu kilipofika, jibu likamkuta daktari wa tano, kijana ambaye hakuwahi kumwona. Alisoma mara mbili.

"Utumbo wako umevimba sana. Inabidi uingizwe kamera, kule hospitali kubwa."

"Lini?"

"Nafasi iko Septemba."

"Na barua ya kazini?"

"Siwezi kuandika ugonjwa ambao haujapewa jina, dada."

Barua ndiyo aliyoihitaji. Kiwandani, mtu akitoka kwenye mkanda unaosogeza samaki kwenda chooni alitundika kibao chekundu chenye namba yake, na saa iliyo juu ya kibao ikaanza kuhesabu. Dakika sita, mara mbili kwa siku. Mwenye barua ya daktari hakuhesabiwa. Elspa alikuwa namba kumi na tisa, na tayari alikuwa na maonyo mawili. La tatu lilimaanisha kurudisha aproni, na kijijini hapakuwa na kiwanda kingine.

Aliacha kula asubuhi. Hata kahawa aliiacha. Jumapili alikaa benchi la mwisho kanisani, mlangoni kabisa, na wenzake walipoombea wagonjwa na mabaharia, yeye alimwomba Mungu kitu kimoja tu: afike nyumbani mkavu.

Jumatatu moja, saa tatu na nusu, tumbo lilimkamata akiwa na kisu mkononi. Akatundika kibao.

"Haya, kumi na tisa anakwenda tena!" mwanamke aliyesimama kando yake alipiga kelele. "Elspa, huko chooni kuna sinema? Siku moja utuchukue na sisi!"

Wakacheka. Elspa naye alicheka kidogo, huku anatembea. Choo kilikuwa mwisho wa ukumbi, kupita ngazi za ofisi. Alipofika kwenye ngazi, kioo cha ofisi kule juu kikagongwa.

"Elspa! Njoo."

"Narudi sasa hivi, Dánjal."

"Nimesema njoo."

Alipanda. Ofisini, nyuma ya kiti cha Dánjal, palikuwa na mlango mwembamba wa choo. Ufunguo wake aliuvaa shingoni kwa kamba ya buluu. Watu wote waliujua mlango ule, na hakuna aliyeutaja.

"Leo mara ya tatu, na saa nne haijafika."

"Naumwa."

"Barua iko wapi?"

"Mpaka wanipime. Septemba."

"Basi Septemba tutaongea."

"Mama yako ndiye aliyeniambia nije kwako."

Mkono wa Dánjal ulipanda ubavuni, ukashika shati, ukashuka. "Mama mzee yule. Anasema mengi."

"Alisema wewe unaujua."

"Mimi nilikuwa na barua, Elspa." Hakumtazama. "Unafikiri napenda? Hizo dakika, wenye kiwanda wanaziona kule mjini kabla yangu. Nikikuachia wewe wataanza kuniuliza mimi. Wataniuliza na hicho chumba nyuma yangu ni cha nani."

Akasukuma karatasi. Onyo la tatu.

"Niazime ufunguo," Elspa alisema. "Nakuomba. Tumesoma darasa moja, Dánjal."

"Tia sahihi kwanza, halafu uende."

Alichukua kalamu. Aliandika E. Aliandika l. Mkono ukasimama. Alisimama wima kabisa, kama mtu anayepigwa picha, na kile alichokizuia tangu ghorofa ya chini kikashuka, cha moto, mapajani mpaka ndani ya buti nyeupe.

Dánjal hakuhitaji kuambiwa. Alifumba macho. Kisha akavua ile kamba shingoni, taratibu, akaulaza ufunguo juu ya karatasi, kando ya zile herufi mbili.

"Mama asijue," alisema.

Kupitia kioo, juu ya kibao namba kumi na tisa, saa ilikuwa imefika dakika kumi na moja. Kumi na mbili.

Elspa aliweka kalamu kando ya ufunguo, asiuguse. Alishuka ngazi moja moja, buti zikiwa nzito, akapita kwenye mkanda ambako hakuna aliyecheka tena, akaupita mlango wa choo, akatoka nje kwenye mvua.