Kilo Themanini na Mbili

Jumanne saa nane mchana, mfua jezi wa klabu alikuwa anapiga pasi kaptula za timu ya kwanza katika chumba cha vifaa, chini ya jukwaa. Pasi ilikuwa ya mkaa, ya chuma kizito, na ilikuwa yake mwenyewe; klabu haikuwa imemnunulia hata sabuni tangu ligi ianze. Alibakiza kaptula nne aliposikia makofi nje, akajua mnunuzi amefika.

Mashabiki walikuwepo tangu asubuhi na hakuna aliyekaa. Walizunguka uwanja wakiulizana jambo lile lile: huyu mtu ana hela au hana? Mmoja alisikia ana viwanda viwili. Mwingine alisikia viwanda vyenyewe vimefungwa na anadaiwa mpaka na mlinzi. Wachezaji hawakuwa wamelipwa miezi mitatu, mfua jezi mitano, kwa hiyo halikuwa swali la kupitishia muda.

Klabu ilianzishwa na wabeba magunia wa ghala la unga, na katiba yao ilikuwa na kifungu ambacho hakuna aliyewahi kukifuta: hakuna anayekabidhiwa klabu mpaka apande mizani ya magunia mbele ya wanachama, na asiwe mwepesi kuliko golikipa. Golikipa alikuwa na kilo themanini na mbili. Mnunuzi alikuwa mrefu, mwenye kitambi cha kutosha na suti ya kijivu. Alipanda mizani akitabasamu.

Mshale haukusogea.

“Mizani imezeeka,” mwenyekiti alisema.

Mfua jezi, ambaye ndiye aliyeitunza mizani hiyo pamoja na mipira, alimwomba mnunuzi ashuke, akapanda yeye. Sabini na moja.

“Nzima kabisa,” alisema. “Ingekuwa inadanganya, ingeanza kunidanganya mimi.”

Mnunuzi akapanda tena. Sifuri. Alieleza kwa upole kwamba uzito wake haupo mkononi kwa sasa, uko nje ya nchi, unashughulikiwa, na utaingia kabla ya mwisho wa mwezi. Mashabiki walitazamana. Mnunuzi mwingine hakuwepo, na zilibaki siku nne timu ifutwe kwenye ligi.

“Katiba inasema apime,” alisema katibu wa tawi, kaka yake mfua jezi. “Haisemi apime mifuko ikiwa mitupu.”

Akavua saa yake, akaitia mfukoni mwa mnunuzi. Mshale ukatikisika.

Basi ikawa kazi. Fundi viatu alitoa nyundo na sindano zake. Muuza nyama alileta mawe yake ya kupimia, yote. Dereva wa lori alikwenda kuchukua jeki. Mwalimu mstaafu alitoa funguo za nyumba, akafikiri kidogo, akarudi na kitasa. Mnunuzi alipokea kila kitu kwa mikono miwili, akishukuru, na suti haikutuna popote. Foleni ilifika getini. Watu walisukumana, wakaulizana kwa sauti za haraka, “Ngapi sasa? Ngapi?”

Ilipofika themanini kasoro robo, foleni ikaisha.

“Dada,” katibu alisema. “Ile pasi.”

“Pasi gani?”

“Usinifanyie hivyo mbele za watu.”

“Nikikupa, Jumamosi watoto wa watu wavae makunyanzi?”

“Akishachukua timu atakununulia ya umeme.”

“Kwa uzito upi? Mnajinunua wenyewe, halafu risiti mnampa yeye.”

“Mama Jezi, unataka tushuke daraja?” mtu alipiga kelele nyuma, na wengine wakadakia. Wengi wao aliwajua tangu wakivaa kaptula za shule. Hakuna aliyemtazama usoni.

Katibu aliingia chumbani, akamwaga makaa sakafuni, akatoka na pasi ikiwa bado ya moto. Mnunuzi aliitia mfuko wa ndani wa koti. Hapakutoka moshi. Themanini na mbili, na nukta kidogo. Mwenyekiti alimkabidhi hati ya uwanja, nayo ikaingia mfukoni, na watu wakaimba mpaka sauti zikakauka.

Jumamosi asubuhi mfua jezi alikwenda ofisini kwa mmiliki mpya kuomba pasi yake, akamkuta akiwaeleza mwenyekiti na katibu ramani ya jukwaa jipya. Hakubishiwa, mmiliki alikuwa mstaarabu. Aliitoa, akampa; vile vitu vingine havikuwemo tena mifukoni, na viatu vya mmiliki vikaachana na sakafu. Alipanda mpaka usawa wa kabati, akiendelea kueleza ramani. Mwenyekiti alimdaka mguu mmoja, katibu mwingine.

“Rudisha, dada! Huyu akienda, anaenda na hati!”

Dirisha lilikuwa wazi na upepo ulikuwepo. Mfua jezi alitazama pasi, akamtazama kaka yake anavyoning'inia kwenye suruali ya mtu. Akapanda juu ya kiti, akairudisha mfukoni. Mmiliki alishuka taratibu, akanyoosha tai.

“Na mishahara yangu?”

“Mwisho wa mwezi.”

“Mwezi upi?”

“Inashughulikiwa.”

Alirudi chumba cha vifaa. Alichukua mbao mbili za tangazo la zamani, akalaza jezi ya kwanza katikati, akakaa juu yake. Dakika tano kila jezi, hakukuwa na muda zaidi. Juu ya kichwa chake jukwaa lilianza kunguruma kwa miguu ya mashabiki. Aliwasikia wakibishana mshambuliaji yupi mmiliki atamnunua kwanza, mmoja akitaja mfupi, mwingine akitaja yule wa mguu wa kushoto, mpaka ikawa karibu wapigane.

Refa alipiga filimbi ya kuita timu. Mfua jezi aliinuka, akatoa jezi namba nane, akaweka namba tisa, akakaa tena.