Jangwa Lenye Wenyewe

Karwirwa alikuwa amelala chali chini ya bagi, mkono mmoja umeshika spana na mwingine unapangusa vumbi machoni, wakati viatu vya Kirimi viliposimama karibu na kichwa chake.

"Wageni wamemaliza chai," Kirimi alisema. "Umepita kule mtoni?"

"Bado. Hii ilikuwa imelegea usukani."

"Pita basi, haraka. Sitaki kuona mtu. Wiki jana kuna mgeni alipiga picha, nyuma yake kuna mama ananawa miguu. Akaandika kwa mtandao ati tumemdanganya, hapa si jangwa, ni kijiji."

"Si ni kijiji?"

"Karwirwa, usinianze asubuhi." Viatu viligeuka vikaondoka.

Kirimi alikuwa meneja wa kambi ile ya mahema, huku chini kwenye nyanda kavu za Mbeere. Kampuni ilinunua bagi, vigari vya fremu za chuma visivyo na milango wala madirisha, vyenye magurudumu manene na mngurumo wa kuudhi, ikawa inaleta watu kutoka Nairobi kuvuka kile ilichokiita jangwa la Embu. Jangwa lenyewe lilikuwa na mashamba ya ndengu, mbuzi, kanisa la mabati, shule, na zahanati ambayo mlango wake ulikuwa mzima kuliko kabati lake la dawa. Lakini mvua ilikuwa imekataa msimu baada ya msimu. Ndengu zilikauka zikiwa na maua. Mto ukabaki mchanga mtupu. Kwa mpiga picha anayejua pa kuelekeza kamera, njaa ya watu iliweza kuuzwa kama mandhari.

Karwirwa alilijua hilo, na lilimkera kila siku. Lakini alikuwa ameachana na kilimo cha viazi huko Kibirichia, alikojifunza kuendesha trekta la mjomba wake, na hii ndiyo kazi iliyompokea. Binti yake Makandi alikuwa anasoma Embu mjini, anakaa kwa dada yake Karwirwa mtaa wa Dallas, na dada alikuwa ameanza kupokea simu kwa sauti ya mtu aliyechoka kungoja pesa za matumizi. Kwa hiyo kila asubuhi Karwirwa alivaa helmeti ya kiongozi wa msafara, akameza maneno yake pamoja na vumbi.

Kule mtoni alikuta wanawake watatu wamezunguka shimo walilochimba mchangani. Maji yalikuwa yanatiririka chini polepole, ya rangi ya chai, na Felicitas alikuwa ameingia ndani hadi kiunoni, anachota kwa kikombe na kumimina kwenye mitungi ya plastiki. Punda wake alikuwa amefungwa kwenye mti wa mgunga kando, mitungi miwili tayari iko mgongoni.

"Mama, mnajua leo kuna msafara," Karwirwa alisema. Aliona haya kusema hivyo.

"Tunajua. Sab-chifu alitutangazia kwa baraza. Ati asubuhi mto ni wa wageni." Felicitas hakuinua kichwa. "Usiku maji hayakuja, yamekuja saa hii. Nikiondoka, nyani watakunywa. Mke wa mwanangu Mutegi amejifungua jana. Unataka nimwoshe na mchanga?"

Karwirwa alitazama lile shimo. Walikuwa wamelichimba tangu alfajiri, hilo lilionekana kwenye mikono yao.

"Kaeni tu," alisema mwishowe. "Mimi ndiye niko mbele. Nitawapitisha juu ya ule mwamba, hawatafika hapa."

"Asante, msichana wangu."

Alikata matawi ya miiba akayapanga mchangani kama ua, mtu yeyote aone kwamba njia haipiti pale. Kisha akarudi kambini akawaeleza wageni, mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: fuata alama za gari langu, usitoke kwenye mstari, chini mtoni kuna watu.

Kirimi aliyekuwa pembeni akaingilia kwa kicheko. "Anawatisha tu. Hakuna watu. Jangwa ni lenu leo!"

Wakacheka wote, wakapiga makofi, injini zikawashwa.

Karwirwa aliwapitisha juu ya mwamba kama alivyoahidi. Alikuwa ameanza kushuka upande wa pili aliposikia injini moja nyuma imepanda sauti. Akageuza shingo. Bagi ya mwisho ilikuwa imetoka kwenye mstari. Mwanamume mmoja mwenye miwani ya bluu alikuwa ameiteremsha mtoni, anazungusha magurudumu makusudi ili mchanga uruke juu, na mwenzake wa kiti cha pembeni ameinua simu anarekodi. Matawi ya miiba yalivunjika kama njiti. Karwirwa alipiga honi, akapiga tena, akapiga bila kuachilia.

Wanawake wawili walikimbia. Felicitas alitolewa shimoni na woga peke yake, hakujua alivyopanda. Bagi ilimgonga punda ubavuni, ikamng'oa pamoja na kamba, ikaenda kuzika pua yake ndani ya kisima. Mitungi ilipasuka. Maji yakaenea mchangani, na kabla Karwirwa hajafika kwa miguu, mchanga ulikuwa umeshayanywa.

Mgeni alishuka akijishika kiwiko. Damu ilikuwa kidogo.

"Niliambiwa hakuna watu huku!" alipiga kelele. "Si mlituambia hakuna watu?"

Hilo moja lilikuwa kweli.

Punda alijaribu kusimama. Miguu ya nyuma haikumtii. Alijaribu tena, akatoa sauti ambayo Karwirwa hakuwahi kusikia punda akitoa, na Felicitas akapiga magoti, akamshika kichwa na kumwongelesha kwa Kimbeere, taratibu, kama anavyoongeleshwa mtoto mwenye homa.

Kirimi alikuja na gari la kambi, na nyuma yake pikipiki ya sab-chifu, Mbaka, aliyekuwa na kofia ya serikali na shati lililopigwa pasi. Sanduku la huduma ya kwanza lilifunguliwa. Dawa, pamba, bandeji, vyote vikaenda kwenye kiwiko cha mgeni. Kisha Mbaka akawageukia wanawake, wale wawili wakiwa wamesharudi.

"Nilisema nini kwa baraza? Felicitas, nilisema nini?"

"Ulisema."

"Sasa punda wako ameharibu gari ya mwekezaji. Unajua hiyo ni makosa? Mnataka kampuni ihame iende Mitunguu, tubaki na nini?"

"Tulikuwa na maji," mmoja wa wale wanawake alisema. Mbaka akamkazia macho.

Kirimi alitoa katoni ya maji ya chupa kwenye gari, akaiweka chini mbele ya Felicitas. "Shika hii, mama. Pole sana." Kisha akamvuta Karwirwa kidogo, lakini sauti yake ilikuwa ya kusikiwa na wote. "Wewe ndiye kiongozi. Uliona. Punda aliruka ghafla akaingia njiani, sivyo? Sab-chifu anataka tu ushahidi wako, tumalize."

Wote walimtazama. Karwirwa alimfikiria Makandi, na sauti ya dada yake kwenye simu. Alijua akisema "ndiyo" moja tu, jioni angekula ugali kambini kama kawaida na kesho angevaa helmeti. Alitazama chupa zile, zimefungwa kwa nailoni, kila moja ina picha ya mlima wenye theluji. Hasira ilimpanda hadi masikio yakawaka.

"Aliruka vipi?" alisema. "Punda alikuwa amefungwa. Kamba hiyo hapo, na mti huo hapo. Huyu mgeni aliwafuata mchangani makusudi, na wewe ndiye ulimwambia hakuna watu. Uliwaambia nikisikia."

"Karwirwa."

"Miezi yote mimi ndiye nafukuza hawa kina mama kwa mto wao. Kama mbuzi. Ndio watu wapate picha! Hiyo kiu mnauza ni yao, na hata hamuoni haya kuwapa chupa."

Kirimi alinyoosha mkono. "Toa helmeti."

Aliivua, akampa. Nywele zilikuwa zimeshikana kwa jasho.

Punda alikufa kabla ya adhuhuri. Bagi ilivutwa kutoka shimoni, ukingo ukaporomoka, na kisima kikabaki dimbwi la matope yanayonuka petroli. Sasa mzoga ulikuwa umelala mahali ambapo mto unabanwa na miamba pande zote mbili, na msafara wa mchana haukuwa na njia nyingine ya kurudi kambini, kwa maana upande wa pili wa ule mwamba bagi huushuka tu, haziwezi kuupanda.

"Mtoe huyu mnyama," Mbaka aliamuru. "Wageni wengine wanakuja."

Felicitas alifungua leso yake, akaitandika mchangani mbele ya punda, akaketi. "Aliyemgonga ndiye atamtoa."

Wale wawili wakaketi pia. Karwirwa alisimama kidogo, akijua kwamba gari la kambi lilikuwa linaondoka na ndilo lililokuwa limfikishe barabarani. Akawasogelea. Felicitas akavuta leso ili ampe nafasi.

Msafara wa mchana ulipotokea, aliyekuwa mbele ni Vincent, dereva mwenzake hadi asubuhi ile, helmeti ya kiongozi imembana kichwani. Alisimamisha bagi hatua chache kutoka kwa miguu yao. Alimtazama Karwirwa, akatazama punda, akazima injini bila kuambiwa. Nyuma yake zingine zikazimwa.

"Mnacheza na serikali!" Mbaka alisema. Alikuwa ametoa simu. "Naita polisi saa hii!"

"Ita," Felicitas alisema. "Na waje na maji."

Mbaka alibonyeza, akaweka simu sikioni, akaiondoa akaitazama. Akasogea hatua kadhaa, akaiinua juu ya kichwa, kisha akaanza kupanda ukingo na viatu vyake vilivyong'arishwa vikizama mchangani, akitafuta mtandao ambao haukuwahi kufika upande ule.