Chai ya Rangi ya Mlevi

Fundi cherehani alikuwa na kazi mbili pale kwenye filamu: kushona nguo za waigizaji, na kupika chai ya rangi ya kutia kwenye chupa za pombe. Aliichuja mara mbili kwa kitambaa cheupe, pasibaki hata chembe ya jani. Ikishapoa, ukiitazama kwenye kamera utaapa ni pombe kali.

Mlevi wa filamu alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Filamu yenyewe ya kuchekesha: mlevi anavuta bangi ya shemeji yake, anabugia chupa nzima, anatumbukia kwenye beseni la nguo, watu hoi. Dada mtu hakucheka. Ndugu yake alikuwa na miezi minane tu tangu aache pombe, na yeye ndiye aliyemwogesha siku zile akitapika mpaka nyongo. Alimruhusu kuigiza kwa sharti moja: chupani iwe chai ya dada, ya mwingine asiguse.

Siku ya tatu mdogo mtu alianguka vizuri kuliko siku zote. Ulimi mzito, macho yamelegea, beseni akalikosa, akajibwaga sakafuni pu! Mpiga picha akajishika mbavu.

"Huyu bwana kazaliwa nayo!" mwongozaji akashangilia. "Tunarudia hivyo hivyo. Fundi, shati limechanika!"

Fundi akalivua mwilini mwa nduguye, akalipeleka kwenye cherehani. Harufu ikampanda puani. Chai yake hainuki hivyo. Akakimbilia jikoni: birika limejaa pomoni, halijaguswa.

"Nani kajaza chupa leo?"

"Mimi, mama," mwongozaji akajibu akicheka. "Chai ilimfanya aigize kibaridi. Nimemtilia pombe kidogo tu, achangamke."

"Kidogo tu? Miezi minane, mwanangu!"

"Usituharibie siku, mama. Piga sindano, dakika tano tumemaliza."

Shati la pili halikuwepo, na picha za jana zote zilikuwa na lile lile. Hilo fundi alilijua kuliko wote. Akachukua mkasi, akalipasua toka kola hadi pindo, kisha mikono yote miwili.

Vicheko vikakatika.

Akamwinamia mdogo wake aliyekaa sakafuni kifua wazi. "Inuka, baba. Twende nyumbani."

Naye akamshika sketi, uso umemng'aa kama mtoto aliyesifiwa.

"Dada, umewasikia walivyocheka? Waambie wanijazie nyingine."