Kihenge cha Mzee Nassoro

Mwaka 1995, barua ya kunipangia kufundisha shule ya msingi mjini Songea iliponifikia, wenzangu chuoni walinipongeza kwamba narudishwa nyumbani. Niliwashukuru, kisha nikaificha barua chini ya godoro siku tatu, nikitafuta sababu ya kuikataa. Sikuipata.

Jumamosi ya kwanza nikatoka kwenda kutazama nilikokulia, Mfaranyaki. Nilianzia mbali makusudi. Nilikwenda kwanza njia ya mlima wa Matogoro, tulikokuwa tukiokota matunda ya masuku mvua zikianza, mpaka vidole vinanata. Mlima ulikuwa umejifunika ukungu kama zamani. Nikashuka kijitoni tulikokuwa tukichota maji. Wanawake watatu walikuwa wanafua, mapovu meupe yanateremka na maji bila mtu kuyajali. Niliyatazama mpaka nikaona sina pengine pa kuzungukia.

Asiyekuwepo miaka ile hawezi kujua sabuni ilikuwa nini. Mwaka 1983 rafu za madukani zilikuwa tupu. Kwetu tulifua kwa majani ya mpapai, na shati langu la shule lilikuwa limegeuka rangi ya uji wa ulezi. Lakini Asma, rafiki yangu wa nyumba ya pili, alinukia sabuni. Baba yake, Mzee Nassoro, alikuwa Myao aliyetoka Tunduru kabla sisi hatujazaliwa, na alikuwa na kiduka mbele ya nyumba yao. Chumvi ilikuwepo siku mbili tatu kwa mwezi. Sabuni haikuwepo kabisa, kwa jinsi tulivyoambiwa.

Siku moja tukicheza kombolela, nikitafuta pa kujificha, nilipanda ngazi ya kihenge chao, nikazama kwenye mahindi hadi kiunoni. Miguu yangu ikagusa kitu kigumu chenye pembe. Nikafukua kwa mikono. Zilikuwa boksi za sabuni, zimepangwa chini mpaka ukutani.

Mama Asma, jina lake Mwanne, alinikuta pale juu. Hakunigombeza. Alinipangusa vumbi la mahindi, akaingia ndani, akatoka na nusu mche wa sabuni ameufunga kwenye kipande cha kanga.

"Mpelekee mama," alisema. "Na uliyoyaona, mwanangu, yabaki humu." Akanigusa kifuani.

Nikaitikia. Wiki mbili nilitunza siri ile, na wiki mbili shati langu lilikuwa jeupe. Nusu mche ukaisha, shati likarudi kuwa lile lile. Hapo ndipo Asma aliponitania mbele ya wenzetu: "Lidwina anafua kwa matope." Wakacheka. Yeye mwenyewe aliona haya, akanishika mkono, lakini nilikuwa nimeshauchomoa.

Jumatatu tukiwa mstarini, mwalimu alisema kwamba mtoto mzalendo ni yule anayewafichua walanguzi wanaoficha bidhaa, hata wakiwa majirani zake. Akauliza kama kuna anayejua lolote. Nikanyoosha mkono. Nimejaribu miaka mingi kumkumbuka mtu aliyenilazimisha, na hayupo. Nilipelekwa ofisini, nikapewa kiti cha mkubwa, nikaambiwa nimefanya vema. Nikajisikia mrefu.

Siku ya tatu walikuja mgambo na watu wa serikali. Tuliporudi kutoka shule tulikuta mahindi yamemwagwa uani, kuku wa mtaa mzima wanakula. Mzee Nassoro alikuwa juu ya lori, ndala mguu mmoja. Asma alikimbilia kwetu, akalia begani kwangu hadi nguo ikalowa. Nilimshika. Januari baba yangu akahamishiwa Njombe, nasi tukaondoka.

Haya yote nilikuwa nayo moyoni siku ile nilipotoka kijitoni nikaenda nyumbani kwao. Nyumba ilikuwa ile ile, ila kihenge hakikuwepo. Mahali pake pamesimama kibanda cha kuku. Barazani palikuwa na genge la kuuzia mboga, na aliyekaa nyuma yake nilimtambua kabla hajainua uso.

"Lidwina!" Asma alipiga kelele, akaliruka beseni la nyanya. "Mama, njoo uone! Lidwina amerudi!"

Mama Asma alitoka akijifunga kanga. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia akiwa amenishika mashavu kwa mikono miwili. Nikakalishwa, nikapikiwa wali na usipa, dagaa wa Nyasa. Nyuma ya Asma sabuni zilikuwa zimepangwa, za pinki, za kijani, za bluu. Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ilikuwa imezileta zote.

"Baba alikaa rumande miezi tisa," Asma aliniambia tukila. "Alitoka na kifua kibovu. Tulimzika mwaka tisini. Na unajua aliyemchoma kwa mgambo ni nani? Ndugu yake wa tumbo moja. Baba mdogo Azizi."

Nikarudisha tonge sahanini. "Mlijuaje?"

"Alikuja kutoka Tunduru wiki ile ile, akaomba agawiwe mzigo akauze kwao. Baba akamnyima. Hazikupita siku nne, wakaja. Nani mwingine alijua? Hata msibani alikuja, siku mbili juu ya lori la korosho. Tulimzuia mlangoni. Akamwombea ndugu yake pale barabarani, akageuza."

Pale palikuwa mahali pa kusema. Nilinawa mikono. Asma alinifungia sabuni mbili kwenye gazeti akasema, "Zawadi ya mwalimu," nami nikazipokea kwa mikono miwili, nikaondoka nazo.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena. Kila mara nilikwenda nimepania kusema, na kila mara nilikula, nikacheka, nikasaidia kupanga nyanya, nikarudi. Walizidi kunipenda. Mama Asma alianza kuniwekea chakula hata nikichelewa. Nilikuwa nikilala na kuamka najiona mwizi anayekaribishwa mara kwa mara kwenye nyumba aliyoiibia.

Jumamosi ya nne nilimkuta Asma ameshika kadi ya harusi. Azizi alikuwa anamwoza binti yake huko Tunduru, na amewaalika.

"Hana haya," Asma alisema. Akaichana mara mbili, akatupa vipande jikoni kwenye moto. Mama Asma, aliyekuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuinua kichwa.

"Si yeye," nikasema.

"Si yeye nani?"

"Si Mzee Azizi aliyesema. Ni mimi. Nilisema shuleni, mstarini. Nilinyoosha mkono."

Asma alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. Nikaendelea, kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Nikaeleza kombolela, boksi, shati, kiti cha ofisini. Nilipofika pale alipolia begani kwangu, Asma alisimama, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikasikia komeo.

Nikabaki na mama yake. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe kwenye mchele.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" aliuliza.

"Kumi na mmoja, mama."

"Mimi nilikuwa na thelathini na sita." Akauweka ungo chini. "Siku ile walipokuja, wewe ndiye niliyekufikiria kwanza. Halafu nikasema, hapana, yule mtoto nilimpa sabuni. Nikatafuta mwingine. Azizi sikuwa nampenda tangu naolewa."

Nilitaka kusema kitu, akanizuia kwa kiganja.

"Mume wangu alikataa. Kule rumande alisema, ndugu yangu hawezi. Nilikuwa nampelekea chakula. Kila sahani niliyompelekea, nilimpelekea na jina la Azizi, mpaka siku moja akalimeza. Alikufa nalo. Sasa wewe unaniambia hivi, nami nikamwambie nani? Yuko kaburini."

Hakulia. Alivuta kanga akajifunika kichwa. Nilipiga magoti mbele yake kuomba msamaha, naye akaniambia niondoke magotini, nikalete kalamu na karatasi.

Barua kwa Azizi tuliiandika pale pale uani. Yeye alisema, mimi nikaandika. Hakuniacha nipambe. Nilipotaka kuandika kwamba nilikuwa mtoto, alisema, "Hilo ataona mwenyewe. Andika ulichofanya. Halafu andika nilichofanya mimi." Akaweka dole gumba chini yake, nami sahihi yangu pembeni. Nikaipeleka stendi, nikampa utingo wa lori la Tunduru mkononi.

Azizi alikuja baada ya wiki tatu. Harusi ya binti yake ilikuwa imekwisha pita. Asma, ambaye hakuwa amenisemesha tangu siku ile, alimtuma mtu aniambie niende. Nilimkuta mzee mwembamba mwenye kofia ya kazi ya mkono, amekaa na Mama Asma kwenye mkeka mmoja, wote wawili macho mekundu. Kisha wakaondoka kwenda makaburini. Nilifuata nyuma, nikasimama nje ya wigo. Nilimwona akichuchumaa, akitengeneza mawe ya kaburi kwa mkono, akisoma dua. Alikaa sana. Asma alisimama kando yake akiwa ameshika kandambili za baba yake mdogo.

Walipotoka, mzee alisimama mbele yangu.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba," akasema mwishowe. "Barua niliipata. Nilisomewa mara nyingi."

Niliangalia mikono yake, ina udongo hadi kwenye vifundo.

"Miaka kumi na miwili," alisema. "Mwanzo nilikuwa najua si mimi. Baadaye, watu wote wakisema, hata ndugu yako mwenyewe anasema, unaanza kujitafuta. Nikawa nalala nawaza, labda nilimwambia mtu njiani. Labda kwenye lori, nikasahau. Mwisho nilikwisha amini ni mimi."

"Hapana, baba," nikasema. "Si wewe."

Akaliweka sikio lake karibu, kama mtu asiyesikia vizuri.

"Sema tena."

Nikasema tena.