Kima cha Ziwa

…usinitazame hivyo, kijana, kana kwamba nimepitia kilabuni kabla ya kuja, nasema maji yamefika kaburini na wewe unatabasamu, unadhani bibi anaota, haya tabasamu, meno ni yako, lakini yote haya namwambia kimoyomoyo tu maana mdomo umenikauka, na yeye, Bwana Josephat, afisa wa mambo ya ziwa, anaendelea na sauti yao ile ya ofisini, kwamba kima cha ziwa kimepanda, kima, mimi kima ninayemjua hupanda mti na kuiba mahindi, huyu wao amepanda mpaka jikoni kwangu akaelea na sufuria, nimesoma mpaka darasa la nne mimi, najua ni kipimo, lakini ukimsikia anavyolitamka utadhani ni kitu kizuri, kama bei ya pamba… shikamoo alinipa, simnyimi haki yake, na kiti akanivutia, na nyuma yake ukutani kuna ramani, Tanganyika, Uganda, Kenya, kila nchi na rangi yake, katikati ziwa la buluu limetulia kama uji uliopoa, Mwanza ni kitone, na hapo ubavuni mwa kitone alipolala Mwaija wangu pamepakwa rangi ya nchi kavu, ramani haijapata habari, jana maji yalikuwa kwenye jiwe la miguuni, leo asubuhi jiwe sikuliona, nikalipapasa kwa unyayo mpaka nikaligusa, na mtoto huyu tangu mdogo alikuwa halali miguu ikilowa, paa likivuja upande wake anaamka analia, nambeba nakuja naye kwangu… sasa anasema mvua, wavuvi wote kule mwaloni wanakoegesha mitumbwi wanasema ni lile bwawa la Jinja, Uganda, linalozuia maji yasitoke, yeye anacheka puani, mvua, bibi, mvua tu, haya iwe mvua, aliyeko chini atajuaje tofauti, na kabla sijameza mate ameshaingia kwenye wimbo wake, kamati ya nchi tatu itakaa Nairobi, wataalamu watatoka Entebbe, maendeleo ya pamoja, reli ya pamoja, meli za pamoja, na shirikisho likija, bibi, ndiyo kabisa, na sisi uhuru tumeshaupata, Waganda wameupata juzi, Kenya bado wanangoja, na wote hao watatu lazima wakubaliane juu ya maji yaliyo jikoni kwangu… marehemu mume wangu alikuwa na wake watatu na mtungi mmoja ukumbini, mtungi ule siku zote mkavu, mimi nasema leo zamu ya Bimdogo, Bimdogo anasema ya bi mkubwa, bi mkubwa anaumwa mgongo, mzee anarudi msikitini anatia kata inagonga udongo, basi hapa mtungi wa watatu umefurika badala ya kukauka na bado kila mmoja anamtazama mwenzake… shemeji yangu Makame, anayefundisha watoto Kurani, alisema kaburi halifukuliwi hivi hivi, serikali ikisema ni dharura jembe nitashika mwenyewe, ndilo neno nililolifuata hapa, dharura, alitamke tu huyu kijana nilichukue nirudi nalo nyumbani, kwa hiyo nikalazimisha mdomo.

“Mwanangu atahamishwa lini?”

“Bibi yangu, ziwa si la Tanganyika peke yake. Hatuwezi kuamua bila wenzetu.”

“Na Mwaija je, naye ni wa nchi tatu?”

Akaitazama kalamu yake. “Suala la makaburi halimo kwenye mazungumzo ya mwaka huu, bibi.”

…mwaka huu, amesema, kana kwamba Mwaija ana mwaka mwingine, na sasa ananieleza viwanja vitakavyopimwa huko Ilemela juu ya mawe, mkono wake unapita juu ya ramani, mkavu, nami nautazama najiuliza ninangoja nini hapa, nilimtaka Makame, nikaitaka serikali, ningewapokea hata hao wa Entebbe na mashine zao, mtu yeyote, mradi nisiwe mimi wa kuona sanda ilivyokuwa, ndilo hilo, sikufuata neno, nilikimbia nisimwone, naogopa, ee Mola, naogopa, lakini je, ndiyo alale majini akingoja Kenya ipate uhuru… siku ile namzaa mto ulijaa, mkunga akakwama ng’ambo, mume yuko safarini, hakuna aliyeniambia subiri kikao, nilimtoa kwa mikono hii, damu mpaka kwenye viwiko, nikamfuta kwa kanga, nikamtazama usoni, na uso ule hata uwe umekuwaje huko chini, mwingine nani wa kuutazama kama si mimi… nasimama, Josephat anasema kaa kwanza, bibi, chai inaletwa.

“Kunywa wewe, baba. Mimi nakwenda kuchimba.”

Anafungua mdomo, pengine sasa analitoa neno lile, pengine anataka kunipa pole, sikungoja, nikatoka nikaufunga mlango.