Mzimu Uliokuja Kudai Nyumba

Kinyaa kilinishika, jamani. Mzimu umesimama katikati ya ua wangu, unanuka ugoro, jasho na tembo lililochacha. Harufu ile naijua. Ni ya shemeji yangu, Anizoba.

Tangu tumzike mume wangu, Anizoba alitaka kunirithi mimi na nyumba. Nilimkataa mbele ya watu. Sasa kajificha nyuma ya uso wa marehemu baba yake, uliochongwa kwa mti na kupakwa chaki. Kwetu, aliyevaa kinyago si mtu tena, ni marehemu aliyetoka ardhini. Mwanamke akitaja jina la aliye ndani, anafukuzwa kijijini. Alilijua hilo, mshenzi yule.

"Mwili wa Oyidiya, nakusalimu!" ukakoroma, ukinitaja jinsi mizimu inavyowaita walio hai, mate yakichuruzika kwenye tundu la mdomo. Mdomo uleule wa kinyago uliowabariki wanangu zamani, ptuu! "Ondoka humu na watoto wako. Nyumba nimempa mwanangu Anizoba."

Majirani wakainamisha vichwa. Mzee Nwafulugo, mtunza vinyago, akajifanya anajikuna mguu.

Nikapiga magoti. "Karibu, baba mkwe. Neno lako halipingwi. Ila mila ni mila: anayepewa hupokea chaki mkononi mwako, watu wakiona. Mzee Nwafulugo, nasema uongo?"

Mzee akakohoa. "Ndivyo ilivyo."

"Basi Anizoba aitwe!"

Wanawake wakapaza sauti ua mzima. "Anizobaaa! Baba yako kaja!"

Mzimu ukageuka huku, ukageuka kule. "Yuko... yuko shambani."

"Mwana gani huyo?" akafoka jirani yangu. "Baba katoka kaburini, yeye hata salamu hana! Kweli, kuzaa si kupata!"

Wakaita tena, wakaita mpaka sauti zikawakauka. Mwishowe Mzee Nwafulugo akainuka, uso umemsawijika. "Mzimu hauwekwi uani ukisubiri mtu. Asiyekuja kupokea hana chake. Nyumba ni ya watoto wa marehemu ndugu yake. Yameisha."

Mzimu ukajikokota kuelekea msituni.

Haukupita muda, Anizoba huyo, mbio, kifua wazi, anahema, chaki imemganda kwenye nyusi.

"Nimesikia naitwa! Baba yuko wapi?"

Nilitamani kumtemea mate. Wanangu walikuwa mlangoni, wanatazama.

"Pole, shemeji, kashaondoka," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Jifute uso. Watoto wanakuona."